Kisima kinanuka au hakinuki? Tumepima pua nane uani, hesabu ikatoa majibu mawili (Amboni, Tanga)

Mwana Amboni (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, na shikamooni wale wa kushikamoo.

Nimepanga Amboni, uani tuko familia sita. Mwaka huu baba mwenye nyumba kachimbisha kisima, kaweka pampu na tangi. Maji ni mengi, tunamshukuru. Ila yananuka yai viza. Si sana, na si kila siku. Huku kwetu si ajabu, maana chemchemi za salfa za Galanos ziko jirani, na ukizikaribia pua inakwambia kabla hujaona maji. Ugomvi ni kwamba nusu ya nyumba wanaisikia hiyo harufu, nusu hawaisikii, na baba mwenye nyumba yuko nusu ya pili. Ukimwambia anachota kwa kiganja, ananusa, anasema "Hamna kitu hapo, mnadeka tu."

Mimi nafundisha hesabu sekondari, nikaona jambo hili linapimika. Asubuhi nikachota dumu la lita 20. Nimerudi kazini saa kumi, nikayamimina kwenye ndoo, nikachanganya na maji ya bomba: nusu, robo, nusu ya robo. Nikaita watu. Hakuna aliyesikia kitu, hata kwenye ndoo yenyewe isiyochanganywa. Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Na kuna kituko kingine. Kabla ya hapo niliwapitishia glasi za maji ya bomba matupu nikauliza "yananuka?" Watu watatu wakasema ndiyo, mmoja mpaka akakunja uso.

Nikabadili mbinu. Nikanunua arki ya vanila ya kuwekea keki na bomba la sindano duka la dawa. Mililita 1 ya arki kwa lita moja ya maji, yaani 1 kwa 1,000. Kisha kila hatua napunguza nusu: 1 kwa 2,000, 4,000, 8,000, mpaka 128,000. Kila mtu anapewa vikombe vitatu, viwili maji matupu, kimoja kina vanila, na lazima achague kimoja hata kama hasikii chochote. Tunaanza na hafifu kabisa tunapanda. Kizingiti cha mtu, yaani kiwango hafifu kabisa anachoanza kukisikia, nakiweka katikati ya hatua ya mwisho aliyokosa na ile inayofuata aliyopatia. Aliyekosa 32,000 akapatia 16,000 na kuendelea, nazidisha hizo mbili natoa kipeuo cha pili, naandika 22,627.

Matokeo ya watu nane: 90,510, 45,255, 45,255, 22,627, 22,627, 11,314, 5,657, na 1,414. Wa mwisho ni baba mwenye nyumba.

Nikajumlisha nikagawa kwa nane, nikapata 30,582. Mpwa wangu aliye chuo akachukua karatasi ile ile, ila yeye kwanza akageuza kila namba kuwa kiasi cha arki kwa lita: mikrolita 11, 22, 22, 44, 44, 88, 177 na 707. Wastani wake 139 na ushei, ambao ukiugeuza ni 1 kwa 7,170 hivi.

Watu wale wale, vikombe vile vile. Yangu inasema pua za uani ni kali mara nne kuliko yake. Tumerudia kwenye Excel, hakuna aliyekosea kujumlisha. Tumenuniana tangu Ijumaa. Wajuzi njooni.

Pwani Raha

Nimetandika mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

Mama Visheti

Mwalimu, arki unaimaliza kwa kunusa na sisi wa keki tukale wapi? Ila mimi hapo ningekuwa wa 90,510 bila ubishi. Mume wangu akipita kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani najua kabla hajavua viatu.

Mgosi Mwema

Mgosi, hiyo ya dumu nakujibu mimi wala sihitaji chuo. Harufu ya yai viza ni gesi iliyomo ndani ya maji. Umeyachota asubuhi, yamekaa joto la Tanga mchana kutwa, ukayamimina kwa mbwembwe kwenye ndoo, ukakoroga. Gesi ilishakimbia zamani. Hapo umewanusisha maji ya jana.

Nukta Saba

Nimefanya kazi miaka kadhaa maabara ya chakula, tulikuwa tunapima vizingiti vya kunusa na kuonja, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Mgosi Mwema yuko sahihi kuhusu gesi. Na Mwana Amboni umefanya vizuri mambo mawili ambayo wengi hukosea: kuanza na hafifu, maana ukianza na kali pua inachoka, na kumlazimisha mtu achague kimoja kati ya vitatu. Ukiuliza "unasikia?" unapima pua na maneno ya mtu kwa pamoja. Wale watatu walionusa maji matupu hawakudanganya. Mtu akishaambiwa anusa, hunusa.

Sasa huo wastani. Hesabu zenu zote mbili ni sahihi na zote mbili hazifai.

Angalia ya kwako. Jumla ni 244,659, na humo yule wa 90,510 peke yake kachukua zaidi ya theluthi. Angalia ya mpwa. Jumla ni 1,116, na baba mwenye nyumba peke yake ni 707, zaidi ya asilimia 60. Wewe umempima mwenye pua kali kuliko wote, mpwa kampima mzee. Wale sita wa katikati hawakuwa na kura kwa yeyote kati yenu.

Kisa ni kwamba pua inakwenda kwa mara. Toka 1 kwa 2,000 hadi 1 kwa 1,000 ni hatua moja, na toka 128,000 hadi 64,000 ni hatua moja ile ile, ingawa ukitoa moja kwa nyingine unapata 1,000 huku na 64,000 kule. Mjerumani Fechner aliliandika hili tangu 1860, kwamba hisia hupanda kwa logi ya kichocheo, yaani kila ukizidisha kichocheo kwa kiasi kile kile, hisia inapanda hatua moja. Na ukipima watu wengi, vizingiti vyao vikichorwa kwa namba za kawaida vinalalia upande mmoja na mkia mrefu. Vichore kwa logi, vinakaribia umbo la kengele.

Kwa hiyo wastani unaotumika ni wa jiometri: zidisha zote nane, toa kipeuo cha nane. Au rahisi zaidi, hesabu hatua. Mpe mzee hatua 0, anayefuata 2, kisha 3, 4, 4, 5, 5, 6. Jumla 29, gawa kwa 8, unapata 3.625. Mbili kwa kipeo cha 3.625 ni 12.34, zidisha kwa 1,414, unapata 17,450 hivi.

Mwambie mpwa afanye vivyo hivyo kwa mikrolita zake. Atapata 57.3, na 1 kwa 17,450 ndiyo hiyo hiyo mikrolita 57.3. Ukianzia kwenye uwiano au kwenye kiasi, jibu ni moja. Mnaweza kusalimiana sasa.

Mwana Amboni

Ahsante sana mkuu. Nimemtumia mpwa, kajibu kwa dole gumba tu, lakini kajibu.

Pwani Raha

Kwani kuna shida gani kumtoa huyo mzee kwenye hesabu? Mtu anavuta sigara tangu enzi za mkonge bei juu.

Nukta Saba

Mkimtoa, wanabaki saba, wastani unakuwa 25,000 kasoro kidogo. Toka 17,450 mpaka 25,000 kwa kumfukuza mtu mmoja. Ndiyo maana sipendi. Angekosa kwa sababu alikuwa na mafua siku hiyo, au kikombe kilibadilishwa kwa bahati mbaya, sawa, unaandika sababu unamtoa. Lakini kumtoa kwa kuwa hatukumpenda jibu lake, hapana. Mtaani wako wengi wa namna yake, na maji wanakunywa.

Tena hiyo 17,450 msiishike kama mstari wa rula. Mtawanyiko wa hizo hatua ni 1.92. Kwa watu nane, ukipiga mpaka wa uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambalo wastani wa kweli huenda umo, unapata toka 5,700 hadi 53,000. Mara tisa. Watu nane ni wachache mno kusema kitu kwa sauti kubwa.

Kijana wa Chuda

Mbona kazi kubwa hivyo? Haidrojeni salfaidi, hiyo gesi ya yai viza, kizingiti chake kinajulikana, ni kutafuta kwenye mtandao tu. Pima maji maabara, linganisha, umemaliza.

Nukta Saba

Kijana, kitafute kisha uniambie umechagua kipi. Orodha ya Amoore na Hautala ya 1983, inayotumiwa sana Marekani, inasema sehemu 0.0081 kwa milioni hewani. Orodha ya Nagata wa Japani ya 2003, vitu 223 vilivyopimwa kwa mifuko mitatu, mmoja una harufu na miwili mitupu, kama vikombe vya mwalimu, inasema 0.00041. Tofauti mara 20. Gesi ni ile ile. Amonia kidogo wanakaribiana, 5.2 na 1.5.

Hakuna aliyedanganya hapo. Mmoja kakusanya vipimo vya maabara nyingi vilivyofanywa kwa njia tofauti, mwingine kapima kwa njia moja na watu wake. Ukiuliza maji yanachemka nyuzi ngapi unauliza kuhusu maji. Ukiuliza kizingiti cha harufu unauliza kuhusu watu: wangapi, wamechaguliwaje, wameulizwaje, na nusu yao waliopatia imehesabiwaje.

Ulaya wana kiwango chao cha kupima harufu, EN 13725. Wanaonusa hupimwa kwanza kwa butanoli (aina ya alkoholi), na anayekubaliwa ni yule ambaye kizingiti chake kiko kati ya sehemu 20 na 80 kwa bilioni. Mwenye pua kali sana anarudishwa nyumbani, na mwenye pua nzito vile vile. Inasaidia maabara mbili zipate jibu linalokaribiana. Lakini basi ile namba ni ya pua zilizochujwa. Mama Visheti hapo asingeingia, na mzee wa Amboni asingeingia.

Mama Visheti

Yaani nikataliwe kwa kuwa na pua nzuri? Wazungu bwana.

Korona ya Zamani

Nami nichangie wajukuu. Nimefanya kazi korona ya mkonge miaka mingi (korona ya kuchakata majani, vijana, si ule ugonjwa). Yale majimaji ya majani yakichacha kwenye mtaro, mgeni akishuka kwenye gari anaziba pua kwa shati. Sisi tunaingia zamu ya saa kumi na mbili, saa moja kasoro hatusikii kitu, tunakula maandazi pale pale juu ya mtaro. Nikirudi nyumbani mke wangu ananikataza kukaa kwenye kochi. Je, kizingiti changu ni kipi, cha saa kumi na mbili au cha saa moja?

Nukta Saba

Shikamoo mzee. Hilo swali lako ni zuri kuliko yote humu. Pua huzoea. Ndiyo maana kati ya kikombe na kikombe tunampumzisha mtu, na hatupimi waliokaa na harufu hiyo mchana kutwa. Na hata bila kuzoea, pua ya mtu mmoja haitulii. Watafiti Stevens, Cain na Burke mwaka 1988 waliwapima watu wale wale siku nyingi, wakakuta mtu mmoja anapanda na kushuka toka siku hadi siku karibu sawa na tofauti zinazoonekana kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo mwalimu, yule wako wa 90,510, mpime tena kesho kabla hujamvika taji.

Mwana Amboni

Nimempima. Ni shangazi yangu, kaja kutembea kutoka Pangani. Jumatatu 90,510, Jumanne 22,627, Jumatano 45,255. Jumanne alisema hakulala vizuri, mbu. Amenikasirikia kidogo kwa hiyo namba ya Jumanne.

Halafu hii ya kubahatisha nimekaa nayo usiku. Vikombe vitatu, asiyesikia kitu ana theluthi moja ya kupatia kwa bahati. Chukua mtu ambaye kweli anaanza kusikia kwenye 16,000. Hatua ya chini yake anaweza kubahatisha, uwezekano 1/3, nami nikamwandikia pua kali hatua moja zaidi. Akibahatisha mbili mfululizo, 1/9. Tatu, 1/27. Jumlisha zote, 1/3 + 1/9 + 1/27 na kuendelea, unapata nusu. Ina maana njia yangu inampendelea kila mtu kwa nusu hatua kwa wastani, kama mara 1.4. Ile 17,450 ikashuka kuelekea 12,300. Nimekosea?

Nukta Saba

Hujakosea, kwa sharti kwamba mtu hukata ghafla kutoka kutosikia hadi kusikia. Kihalisia ni mteremko, hatua inayosikika mara moja moja, kisha mara nyingi, kisha kila mara. Ndiyo maana ukiwa na watu wengi ni afadhali uchore mteremko wenyewe: kila hatua, asilimia ngapi wamepatia. Kisha uondoe bahati. Mfano watu 12, wamepatia 8. Usiseme wanane wamesikia. Sema sita wamesikia kweli, sita waliobaki wamebahatisha, theluthi yao ambayo ni wawili wakaangukia kikombe sahihi. Sita na wawili ni wanane. Kwa hiyo mahali wanapopatia 8 kati ya 12 ndipo nusu ya watu wanasikia, na hicho ndicho kizingiti cha kundi.

Kijana wa Chuda

Sawa, nimekubali. Ila mwalimu hujajibu la msingi. Mzee hasikii vanila. Je, ndiyo kusema hasikii yai viza? Vanila na salfa wapi na wapi?

Mgosi Mwema

Hapo kijana kapiga bao. Coastal moja, wageni bila.

Nukta Saba

Kweli kabisa. Mtu anaweza kuwa mzito kwa harufu moja na mkali kwa nyingine. Vanila imewafundisha kupima, lakini kesi ya kisima haijasikilizwa bado. Chukueni maji kwenye bomba la kisima, vikombe hapo hapo kando, mtu anuse ndani ya dakika moja, kimoja cha kisima viwili vya bomba la mjini yaliyotulia.

Na jambo moja nje ya hesabu. Pua isitumike kupima usalama wa kuingia kisimani. Gesi hii ikiwa nyingi, kama sehemu 100 kwa milioni na zaidi, inaua uwezo wa kunusa haraka. Fundi anashuka anasema "harufu imeisha", kumbe pua ndiyo imeisha. Asishuke mtu bila kipimo na kamba na mwenzie juu.

Korona ya Zamani

Naam. Hilo sisi tulilijua kwenye mashimo ya maji machafu.

Mwana Amboni

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe karibu na pampu. Watu 12, wapangaji pamoja na baba mwenye nyumba na watoto wake wawili wakubwa. Mpwa kamimina akiwa nyuma ya khanga iliyotundikwa, mimi naandika, sijui kikombe kipi ni kipi. Vikombe vyote rangi moja, tena nilivisuuza bila sabuni baada ya Mama Visheti kunishtua kwa ujumbe wa faragha kwamba sabuni nayo inanukia.

Waliopatia: 9 kati ya 12. Kama kisima hakinuki na wote wanabahatisha, uwezekano wa kupata 9 au zaidi ni 2,049 kati ya 531,441, yaani kama mara 4 katika 1,000. Ukiondoa bahati, wanaosikia kweli ni asilimia 62 na nusu.

Mzee alikuwa miongoni mwa watatu waliokosa. Akaomba arudie. Akakosa tena. Akakaa kimya kidogo, akasema "Basi nyinyi mna pua, mimi nina kisima."

Lakini hakukataa. Fundi kaja, na alichoshauri ni kile kile kilichoniharibia dumu siku ya kwanza: maji yasiingie tangini kwa chini, bomba lipandishwe juu, limwage kwa matundu kama bafu ya mvua ili gesi itoke, na mfuniko uachwe na nafasi yenye wavu wa mbu. Wiki moja baadaye nikarudia, watu 12 wale wale, maji ya tangini. Wamepatia 5.

Pwani Raha

5 kati ya 12! Harufu imekwisha, kesi imefungwa.

Nukta Saba

Taratibu. Kwa kubahatisha tu ungetegemea 4. Kupata 5 au zaidi kwa bahati hutokea zaidi ya mara moja katika kila tatu, kwa hiyo hakuna ushahidi kwamba wanasikia. Hakuna ushahidi vile vile kwamba hakuna anayesikia. Watu 12 wakiwamo wawili wenye pua kali, hao wawili wanajificha humo ndani bila shida. Mwalimu, katika hao watano shangazi alikuwemo?

Mwana Amboni

Alikuwemo. Nikampa peke yake mara tano, kwa kumpumzisha kati, khanga ile ile. Kapatia zote tano. Hiyo kwa bahati ni 1 kati ya 243.

Kasema hainuki vibaya, "imebaki kama kiberiti kilichozimwa chumba cha pili". Anakunywa ya bomba la mjini, ya kisima anafulia. Mzee kamuuliza atarudi lini Pangani.